Kengele ya Pili

Saa kumi na moja kamili, alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Machi 2024, kukiwa bado giza, kengele ililia mara moja ndani ya nyumba yetu, sauti nyembamba ya shaba tuliyoizoea kama mlio wa bomba la maji, nasi tuliokuwa macho tukajigeuza upande wa pili tukalala tena, kwa sababu kengele hiyo huwa na mwenzake, na huyo mwenzake hadi leo hatujamsikia.

Wazee wetu, ndugu, majirani na nyote mliofika, familia imenipa mimi, binti mkubwa wa mke wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie nikisimama katikati ya sentensi, kwa kuwa ninayoyasoma bado sijayaamini.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 30 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa nne kati ya sita. Januari 1969 alianza masomo katika shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli, ambako mwalimu alilazimika kunyamaza kila treni ilipopita, na alituambia kwamba katika masomo yote hilo ndilo alilolipenda zaidi. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme wa mitambo, akahitimu tarehe 27 Novemba 1981 akiwa mwanafunzi wa tatu, ingawa yeye mwenyewe hakuacha kuongeza kwamba darasa lilikuwa na watu saba.

Tarehe 2 Juni 1982 aliajiriwa na kampuni ya lifti, na kuanzia mwaka 1990 akapewa jengo moja la ghorofa kumi na mbili, ambalo alilihudumia mpaka Jumatatu ya wiki hii saa kumi na moja jioni. Watu walipokwama kwenye lifti, alimwachia mwenzake mashine, akaenda kulala kifudifudi juu ya sakafu, mdomo kwenye upenyo wa mlango, akawaambia waliokuwa chini: "Taratibu. Vuta pumzi, hesabu moja. Niko hapa juu yenu, siondoki." Wenzake walimtania kwamba lifti itajitengeneza yenyewe kabla hajamaliza kusalimia, lakini hakuna hata mmoja anayekumbuka mtu aliyezimia mikononi mwake.

Kuhesabu pumzi alikupata Oktoba 1994 kwa mhandisi mgeni aliyekuja kufunga mashine mpya, mtu aliyekuwa akikaa kimya sakafuni kila mchana, macho chini, hata Fundi, akidhani mwenzake anaumwa, akampelekea maji siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaelezwa kwamba huko ni kufuata mafundisho ya Buddha. Mhandisi alipoondoka alimwachia kitabu na kengele ya shaba ya ukubwa wa kikombe, na tangu hapo kila alfajiri Fundi aligonga kengele, akakaa nusu saa, akagonga tena. Hakumhubiria mtu. Hakuua mdudu; alitoa sisimizi nje kwa kipande cha karatasi, na mama akalalamika kwamba mbu wa nyumba hii wana hati miliki. Simu yake aliiacha ndani ya kiatu mlangoni, akisema inamwita kutwa nzima na akiitika haina la maana. Mwaka 2011 meneja alimtaka atie sahihi kwamba lifti imekaguliwa wakati haijakaguliwa, akakataa, akatundika kibao cha "Haifanyi kazi", wapangaji wakapanda ngazi siku kumi na moja huku wakimwita majina nisiyoweza kuyasoma mbele ya wazee, mpaka kamba ya chuma ilipofunguliwa ikakutwa imebaki nyuzi chache.

Mama alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya sita ya jengo hilo. Mwaka 2005 tulikwama, yeye na mimi, nikiwa na miaka saba, na sauti ikatoka juu ikaniambia nihesabu, nikahesabu pumzi arobaini na moja hadi mlango ukafunguka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Agosti 2007, baada ya uchumba ambao mama anasema ulikuwa wa taratibu kuliko kazi yake, na tarehe 19 Novemba 2009 wakajaliwa mdogo wangu wa kike. Yeye alimwita baba tangu alipoanza kusema. Mimi baba yangu mzazi alikwishafariki, nikajiapiza kwamba jina hilo nimelizika naye, nikamwita mume wa mama yangu Fundi, kwa miaka kumi na sita, naye akaitika kila mara.

Hapa ndipo historia hueleza ugonjwa, na hatuna cha kueleza. Jumatatu alikula, alicheka, alirekebisha bawaba ya kabati. Mjomba, kwa nia njema, alinishauri niandike kwamba marehemu alifariki ghafla akiwa amezungukwa na familia yake, nami niliandika, kisha nikafuta, kwa sababu Fundi hakutia sahihi jambo ambalo halikuwa hivyo, nami sitaanza leo, kwenye jeneza lake.

Ilikuwa hivi. Sheria ya nyumba ni kwamba kati ya kengele mbili hakuna anayebisha hodi kwenye chumba alichokaa Fundi, na msimamizi mkali wa sheria hiyo nilikuwa mimi. Saa kumi na mbili mdogo wangu alikuja jikoni akasema, "Dada, baba hajagonga." Nikamwambia, "Mwache, leo huenda ana mengi." Saa kumi na mbili na nusu aliunyanyua mkono wake mlangoni abishe hodi, nikamshika kiganja, nikamrudisha. Tulitembea kwa ncha za vidole, tukazima redio, tukamlinda asisumbuliwe. Saa moja na dakika kumi mama alisema chai inapoa, akausukuma mlango, ambao haukuwa umefungwa, kwa kuwa maisha yake yote mtu huyu hakupenda mlango wa kufungwa, na akamkuta ameketi, ameegemea ukuta, kijiti cha kengele mkononi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata tungeingia mapema pengine isingesaidia. Alisema pengine. Ninamshukuru kwa kutoniongezea uongo juu yake.

Jumatano tulifungua daftari lake ili nipate tarehe hizi. Kila jioni aliandika sentensi mbili tatu kuhusu kilichomsumbua moyoni. Tarehe 12 Agosti 2007: "Mtoto ameniita Fundi. Ni jina zuri. Nimetamani lingine, nimekaa nayo tamaa hiyo, imepita." Tarehe 13 Agosti: "Imerudi." Na Jumapili iliyopita, siku mbili kabla hajafa: "Binti ameniita Fundi mbele ya wageni. Siku hizi siumii." Chini yake, kwa kalamu ileile: "Si kweli. Nimeumia kidogo."

Hakuwahi kuniomba. Alikaa nayo miaka kumi na sita, chumba cha pili kutoka changu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliompokea, ingawa tulichelewa kumfikisha, majirani waliotuletea viti, maji na mikono yao, mafundi wenzake wa lifti, ambao leo watamshusha kwa kamba wakiambiana taratibu, taratibu, na wapangaji wa ghorofa zote kumi na mbili, wakiwemo wale wa mwaka 2011.

Marehemu ameacha mjane na watoto wawili. Nasema wawili.

Kengele anayo mdogo wangu hapa kando yangu. Nikimaliza kusoma ataigonga, mara moja, ile ya pili, na safari hii sitamshika mkono. Nusu saa yako imekwisha, mlango uko wazi, umekaa vya kutosha. Pumzika sasa, Baba.