Jina Lake Ni Paskazia

Marehemu Paskazia Mihayo alizaliwa hapa Kamanga tarehe 6 Aprili 1958, siku ya Pasaka, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Bibi yake alitaka aitwe Kabula, kama Wasukuma wengi wamwitavyo msichana aliyekuja na mvua. Baba yake, mzee Mihayo, aliyekuwa ametoka kanisani nguo zikiwa zimelowa chepechepe, alikataa. "Huyu ni wa Pasaka," alisema. Katekista akamweleza kuwa Paskazia ni jina la Wakristo wa kale, na kwamba Pasaka maana yake ni kuvuka, kutoka utumwani na kutoka mautini. Kwa mzee aliyeona watu wakivuka ziwa kila siku kwenda Mwanza, hayo yalitosha. Tumelieleza kwa kirefu kwa sababu wengi mlioketi chini ya turubai hili mnalisikia jina hilo leo kwa mara ya kwanza. Inaudhi, na acha isemwe hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kamanga na kumaliza darasa la saba mwaka 1973. Majina yalipoitwa asubuhi, aliitika "Nipo!" kwa sauti iliyofika darasa la jirani, hadi mwalimu akamwomba apunguze.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo Nyakato, ng'ambo Mwanza. Msimamizi wa zamu aliita kila mtu kwa jina lake getini, na marehemu alikuwa akisema hakuna mshahara uliomfurahisha kama huo. Wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1994, alianza kukaanga samaki sokoni Igogo, huko huko Mwanza. Samaki wake walijulikana mpaka Kamanga. Jina lake halikujulikana hata kwa jirani wa meza ya pili.

Alifunga ndoa na Antoni Luhende, fundi mwashi, mwaka 1981. Mwaka uliofuata akazaliwa Nestory, na kuanzia siku hiyo Paskazia akawa Mama Nestory. Ni desturi yetu na ni heshima, hakuna anayebisha. Lakini heshima nayo ikizidi humfunika mtu. Antoni mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2009, alimwita Mama Nestory. Akabaki mdogo wake tu, Selina, wa kumwita Paska.

Binti yake Rebeka alipojifungua mtoto wa kike mwaka 2016, marehemu aliomba kitu kimoja.

"Mpeni jina langu."

"Mama, hilo la kizamani. Watamcheka shuleni."

"La kizamani ndiyo, limetoka mbali. Mnalikataa na hata maana yake hamjaniuliza?"

Mtoto akaitwa Favour. Ni jina zuri, na bibi yake alimpenda sana. Ila wiki nzima aliwaacha samaki motoni mpaka wakaungua.

Alianza kuugua figo mwaka jana. Siku moja hospitalini, jijini Mwanza, nesi alitoka mlangoni akaita, "Paskazia Mihayo!" Watoto wake watatu, Nestory, Rebeka na Revocatus, walikuwa benchini wamemzunguka. Nesi akaita tena, na hata Rebeka hakulikumbuka jina alilolikataa. Nestory akatazama huku na huku amwone huyo mgonjwa mzembe. Hapo marehemu akajiinua kwa shida, akashika ukuta, akaitika, "Nipo!" Sauti ilikuwa ile ile ya darasani. Njiani kurudi nyumbani aliwaambia watoto wake maneno ambayo Selina ameyasikia kutoka kwao: "Msinizike kwa jina la Nestory. Nestory mzima huyu hapa. Mimi ndiye ninayevuka."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Na pamoja na maneno hayo yote, jana jioni fundi seremala alileta msalaba umeandikwa MAMA NESTORY kwa rangi nyeupe, nadhifu kabisa. Fulana za wajukuu nazo zimeandikwa hivyo, na hizo hazina dawa tena. Msalaba Selina aliurudisha. Alipoulizwa kwa nini anasumbua watu msibani, alijibu, "Dada yangu amesubiri tangu mwaka themanini na mbili. Na fundi asubiri kidogo." Sasa umeandikwa PASKAZIA MIHAYO; rangi haijakauka vizuri, tafadhali msiuguse.

Marehemu ameacha mdogo wake Selina, watoto Nestory, Rebeka na Revocatus, na wajukuu wanane, akiwemo Favour, ambaye jana usiku aliuliza maana ya jina la bibi yake na akaelezwa yote.

Baada ya muda mfupi padri atalitaja jina la Paskazia mbele ya kaburi. Safari hii hataweza kuitika mwenyewe. Watoto wake wasimame wamwitikie.

Mungu amwite kwa jina lake, avuke salama, apumzike.