Yuliana Kobelo, Aliyehitaji Aitwe Jina Kwanza

Baba Paroko, viongozi wetu, shehe pamoja na majirani zetu Waislamu mliopanda mlima tangu alfajiri, watani zetu, na nyote waombolezaji, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu kidogo, ili isome maisha ya binti yake, ingawa waliotumwa kuyaandika walishinda jana kutwa wakiandika na kufuta, kwa kuwa wiki iliyopita tu marehemu alikuwa hapahapa uani, akipepeta mchele wa msiba wa mtu mwingine, na bado hakuna aliyezoea kumwita marehemu.

Yuliana Stefano Kobelo alizaliwa tarehe 3 Mei 1981 hapa Nyandira, Mgeta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Stefano Kobelo na mama Agnesi, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, na walimu wake walimkumbuka kwa hesabu nzuri na mdomo usiopumzika, maana alikuwa na jibu kwa kila mtu, na wakubwa aliwapa jibu lake baada ya shikamoo.

Mdomo huo ndio uliompa jina katika utani. Wageni wetu wa mjini watusamehe tukieleza kwamba huku kwetu kila ukoo una watani wake, ambao ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba jeneza, na ndio wenye ruhusa ya kumkamata mfiwa, kumtia kamba, kumpaka majivu na kumdai fidia, ili machozi yachanganyike na kicheko na watu wapate nguvu ya kuzika. Yuliana na mtani wake Pazi, waliokua pamoja tangu wanachunga mbuzi, walikuwa mafundi wa kazi hiyo, na wapo hapa wanaokumbuka siku ya maziko ya babu yake Pazi, mwaka 2009, Yuliana alipoingia kaburini akalala chali na kanga yake, akatangaza kwamba nyumba ni nzuri na yeye ndiye mpangaji, hatoki mpaka aletewe jogoo, na jogoo akaletwa.

Baada ya shule alilima njegere, karoti na kabichi katika matuta ya mama yake, na tarehe 14 Septemba 2002 alifunga ndoa takatifu na Deogratias Banzi, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili, Evance aliyezaliwa mwaka 2003 na Joyce aliyezaliwa mwaka 2008. Mwaka 2011 walihamia Morogoro mjini, Mwembesongo, ambako marehemu alifungua genge la mboga zinazoshuka kutoka huku mlimani, na kwa kuwa alijua kila gunia limetoka tuta la nani, wateja walipewa mboga pamoja na habari za mkulima, hata kama hawakuziuliza.

Tarehe 9 Novemba 2022, saa kumi na moja jioni, jua likiwaka na watu wakipita, majambazi watatu waliingia gengeni, mmoja akamkaba marehemu shingo kwa nyuma, mwingine akamkata panga la bega na la mkono wa kushoto, wakachukua walichochukua wakaondoka wakitembea. Madaktari walimshona na mkono ukapona, wawili kati ya wale watatu wakakamatwa, marehemu akalipiwa nauli ya kwenda kutoa ushahidi, akautoa, nao wakafungwa, na tarehe 22 Aprili 2023 familia ilifanya Misa ya shukrani katika kanisa letu la hapa kijijini, tukala pilau, tukacheza, tukatangaza kwamba Yuliana amepona.

Hakuwa amepona. Aligeuza benchi la genge likaegemea ukuta, kanisani akahamia kiti cha nyuma kabisa, na mtoto wake mwenyewe alipomgusa bega kwa nyuma ili kumpa simu, alipiga kelele na kuangusha sufuria ya maharage, kisha akalia kwa aibu, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona na aibu. Wapo waliosema amerogwa, na wapo waliosema anadeka, na haya tunayasema kwa sababu waliosema wapo hapa, na baadhi yao ni wa familia.

Aliyemsaidia ni dada Esther, mshauri nasaha katika Kituo cha Nafuu, chumba kimoja tu pale mjini chenye viti vinne na feni, kilichoendeshwa kwa fedha za umma kwa ajili ya watu waliofanyiwa uhalifu wa kutumia nguvu. Marehemu alikwenda huko kila Jumatano, na kidogo kidogo alianza kulala usingizi, kisha akaanza kucheka, kisha akaanza kuwasema wateja, na hapo mume wake akajua kwamba mkewe yuko njiani kurudi. Dada Esther aliwafundisha watu wa nyumbani na majirani wa Mwembesongo jambo moja jepesi, kwamba Yuliana asifuatwe kwa nyuma, mtu ajitokeze mbele yake na amwite jina kwanza, na mtaa mzima ukalishika, hata wauza maji walikuwa wakianza kuita Yuliana, Yuliana, kabla hawajalifikia genge.

Kilichobaki ilikuwa ni kuwafundisha watu wa huku mlimani. Marehemu alikataa kulieleza mwenyewe, kwa maneno yake, akijitangaza kuwa anaogopa, watani watamwacha, na mtu asiyetaniwa msibani kwao ni kama mgeni aliyepita njia, kwa hiyo dada Esther alipanga apande yeye mwenyewe Jumamosi tarehe 13 Julai 2024, akae na wazee wa ukoo na watani, aeleze kitaalamu, bila kumwaibisha mtu. Lakini mwaka wa fedha uliisha mwezi Juni, na katika bajeti mpya fungu la kituo halikuwemo, tukaambiwa kwamba vipaumbele ni vingi, na Ijumaa tarehe 28 Juni mlango ukafungwa, viti vinne vikapakiwa kwenye kigari cha kirikuu, na safari ya kuja Nyandira ikafa. Dada Esther aliendelea kumpigia marehemu simu kwa vocha yake mwenyewe, hata baada ya kupata kazi nyingine Turiani, ila kupanda mlima hakupata nafasi tena.

Jumamosi iliyopita, tarehe 16 Agosti 2025, tulikuwa tukimzika mjomba wetu Benedikto katika uwanja huuhuu. Saa sita mchana, marehemu akiwa ameinama na ungo, Pazi alikuja na panga lililochongwa kwa mti wa mgomba, uso ameupaka majivu kama watani wanavyofanya siku zote, akamkamata shingo kwa nyuma, akasema kwa sauti ya kuchekesha, "Toa fidia mama, la sivyo mjomba haondoki!" Waliokuwa karibu walianza kucheka, na kicheko hicho wengine wetu bado wanakisikia. Yuliana hakutazama, hakuuliza, alitoa sauti ambayo hakuna aliyeijua kuwa ni yake, akachomoka, akakimbia kupita jiko, akaruka ukingo wa matuta ya karoti, matuta aliyoyalima kwa mikono yake na kuyajua tangu utotoni, akaangukia mawe ya kijito kule chini.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Pazi, na ndiye aliyembeba mgongoni kupanda naye, akimwambia, "Yuliana, ni mimi, ni mimi mtani wako." Alipelekwa kituo cha afya, kisha hospitali mjini, ambako ilionekana damu imevujia ndani ya kichwa, na licha ya jitihada za madaktari alifariki dunia Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 44. Mume wake alikuwa amekaa upande wa mbele wa kitanda, mahali ambapo angemwona kama angefumbua macho.

Familia imepigwa na butwaa na haina namna ya kuliremba hilo. Wale waliomkata wanakula kila siku kwa fedha za umma, na hatusemi wasile, ila tunawauliza viongozi mliokaa hapa mbele, iwapo zilipatikana fedha za kumpeleka Yuliana mahakamani ili aseme alivyokatwa, zilikosekanaje za chumba kimoja na mshauri mmoja wa kumrudisha nyumbani akiwa mzima? Tunaomba chumba kile kifunguliwe, kwa kuwa aliowaacha kwenye foleni ya Jumatano bado wako mjini, na kila mmoja wao ana kijiji ambacho hakijaambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Mwembesongo, wafanyabiashara wenzake wa mboga waliofunga magenge yao leo, na dada Esther aliyesafiri kutoka Turiani.

La mwisho ni la watani. Tumesikia kwamba mmekubaliana kuzika kimya, na tumesikia vijana wanaomwita Pazi muuaji, na Pazi mwenyewe tunamwona kule kwenye ua wa matete, hajala tangu Jumamosi. Polisi walimhoji wakamwachia, na familia, kwa sauti ya mume, watoto na wajomba, inasema Pazi hana deni kwetu, alifanya aliloachiwa na babu zake kwa mtu aliyempenda, wala hakuna kati yetu tuliojua aliyemwambia. Yuliana hawezi kuzikwa kimya kama mgeni aliyepita njia. Njoo, Pazi, shika kichwa cha jeneza, mahali pako, na ukiwa na la kumtania mtanie, ila pita mbele, mwite jina kwanza, na kila atakayetia udongo baada yako afanye hivyohivyo.

Pumzika kwa amani, Yuliana, tuko mbele yako wote, hakuna anayekuja kwa nyuma.