Zadock Amwayi na Mguu wa Njamba

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Zadock Amwayi atavua ovaroli yake ya kijani kwa mara ya mwisho, baada ya kuwahudumia wanyama katika Kliniki ya Mkuyuni, hapa Loresho, kwa miaka thelathini na miwili. Mbwa wa mtaa mzima hawajaambiwa bado. Sisi tulioambiwa tunajikaza.

Zadock alitoka Vihiga akiwa kijana na kuajiriwa kukata nyasi. Kazi hiyo hakuifanya sana, kwa sababu kila alipoinama na fyekeo, mgonjwa mmoja alijikokota kutoka kibandani akaja kulala miguuni pake. Wakubwa wakaona hakuna haja ya kushindana na mbwa. Akapelekwa kusomea uuguzi wa wanyama, akarudi, na baada ya miaka michache akakabidhiwa mazoezi ya wanyama waliovunjika au kupasuliwa. Wengi wanaotembea leo katika nyua za Westlands na Kangemi walijifunza kutembea upya mikononi mwake, huku akiwaimbia nyimbo za kanisa lao la Friends kwa sauti ambayo mbwa pekee ndio walioiomba tena.

Hatuwezi kusahau siku alipomkuta mbwa mchafu getini, akamwogesha, akamkata kucha, akampulizia manukato, kisha akaketi kumngoja mwenyewe aje. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mbwa wa barabarani, na tangu hapo kila Ijumaa alikuja kuogeshwa kama mteja mwingine yeyote.

Ningependa kuendelea na vichekesho hivi hadi mwisho. Lakini Zadock aliposikia kwamba mimi, Veronicah wa mapokezi, ndiye nitakayeandika, alikuja akasimama mbele ya dawati langu. "Ukiandika mambo yangu, weka na ya Njamba," alisema. "Usipoweka, hiyo karatasi sitaishika." Nimeiweka basi, ingawa kalamu imekuwa nzito.

Njamba ni mbwa wa kuwinda sungura wa Mzee Mungai wa Waithaka. Jina lake kwa Kikuyu ni shujaa, na hakuna aliyembishia. Miaka minne iliyopita, akimfukuza sungura kwa kasi yake yote, alijirusha kwenye seng'enge ya ploti iliyokuwa imezungushwa ua juzijuzi. Mzee alimleta kwenye wilibaro, amefungwa mguu wa nyuma kwa shati lake mwenyewe. Kano kubwa iliyo juu ya kisigino ilikuwa imekatika. Daktari Kanyiva aliishona, akaufunga mguu kwa plasta, na plasta ilipotoka, Njamba akawa wa Zadock.

Kila asubuhi Zadock aliukanda mguu kwa kitambaa cha maji moto, akaunyoosha na kuukunja taratibu, kisha akapitisha taulo chini ya tumbo la mbwa na kumsaidia kusimama. Walianza na hatua za kuyumba. Wakaendelea kwenye beseni la maji, kisha kwenye mteremko wa nyasi. Hatimaye taulo ikawekwa kando, na asubuhi moja Njamba akakimbia mpaka kwenye tangi la maji la uani na kurudi. Zadock alimshangilia peke yake, mikono juu.

Hapa Mkuyuni tuna desturi. Mgonjwa wa mguu haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka atembezwe mbele ya mwenyewe, kwenye njia ya matofali ya kabro, kutoka geti hadi tangi, na mhudumu wa mazoezi ndiye anayesema kama mguu umepona. Daktari huchukua neno lake. Siku ya Njamba, Zadock hakuukanda ule mguu. Alimtoa mbwa kwenye sakafu baridi ya simiti akamtembeza hivyohivyo, na mguu ukakakamaa, kama alivyojua kuwa utakakamaa. Njamba alichechemea njia nzima.

"Mzee, mguu ndio huo," Zadock alisema. "Kutembea atatembea, lakini kukimbia wachana nayo."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amempenda. Aliziona seng'enge zikipanda kila upande wa jiji, akaogopa kwamba mbwa aliyemrudishia mbio angekwenda kuzimalizia kwenye ua mwingine. Sisi hatukujua chochote; mbele yetu Njamba alitembea tu. Mzee Mungai alimshika Njamba masikio, kisha akaomba mbwa abaki kwetu, kwani nyumbani hana cha kumfanyia mbwa mlemavu. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi, amebeba mifupa kwa Njamba na viazi vitamu kwa Zadock, shukrani ya kumtunzia. Zadock alivipokea. Tulivila pamoja naye, na tulivisifu.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Mzee, badala ya kubisha, alipiga mluzi akiwa nje ya geti. Njamba alikuwa nyuma ya majengo. Aliruka beseni, akaruka maua ya Daktari, akapita mapokezi kama upepo na kumwangukia mzee kifuani. Tulitoka wote kutazama, na Zadock akatokea nyuma ya mbwa akiwa na brashi mkononi. Mzee alimwangalia mbwa, akamwangalia Zadock.

"Kumbe alipona," alisema. Akaliweka chini gunia la viazi. "Asante, Zadock."

Afadhali angetukana. Sisi sote tulitazama chini kwa aibu. Mzee alikwenda na mbwa wake. Gunia lilikaa pale getini, hakuna aliyethubutu kuligusa, mpaka viazi vikachipua.

Zadock alitueleza yote mwenyewe kwenye chai ya saa nne Jumatatu yake, amesimama. Jumapili iliyofuata alikwenda Waithaka kuomba msamaha. Mzee alimsikiliza, akampa chai, hakusema amesamehe. Hakumleta Njamba tena. Zadock aliomba asiwatembeze wagonjwa mbele ya wenyewe, Daktari akakataa, naye Zadock akakubali kuendelea kwa sharti kwamba mwenye mbwa awepo mguu unapokandwa. Sheria hiyo tunaifuata mpaka leo. Majirani wa Mzee walipoleta mbwa wao, Zadock aliwahudumia kwa moyo, lakini kuwauliza habari za Njamba hakuthubutu.

Wiki iliyopita Mzee Mungai aliingia getini, na Njamba nyuma yake akichechemea, mdomo umeota mvi. "Nimesikia unaenda," alimwambia Zadock. "Nitembezee huyu, nione."

Zadock aliukanda ule mguu mbele yake, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikanda mguu wowote. Alimtembeza mpaka kwenye tangi na kurudi. Bado Njamba alichechemea. Zadock alibaki ameinama pale, akamgeukia Daktari Kanyiva na kumwomba aseme yeye.

"Si nimekuuliza wewe?" Mzee alisema. "Daktari sijamuuliza."

Zadock aliinuka. "Mzee, mguu umezeeka," alisema. "Kutembea atatembea. Kukimbia, wachana nayo."

Yalikuwa maneno yaleyale, na alijua, na sote tulijua. Mzee Mungai akaufungua mkanda wa kuwindia shingoni mwa Njamba, akaukunja, akautia mfukoni.

"Haya," alisema. "Ukisema wewe, basi."

Zadock, asante kwa miguu yote uliyotusimamishia. Safiri salama hadi Vihiga, upate majirani wasiochoka kukusikia ukiimba, na mbwa wa kukulalia miguuni ukikata nyasi. Umeniambia hustahili karatasi hii. Mzee Mungai ameomba nakala.