Bi Rumaitha na Hodi ya Begani

Leo ni tarehe 30 Juni, 2004, na leo Bi Rumaitha Thuwein anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka thelathini na mmoja. Naahidi kueleza yote ninayoyajua juu yake. Nisiyoyajua nitayaacha. Na yanayowahusu watu wengine nimewaomba ruhusa kwanza, kila mmoja kwa lake, kwa sababu hivyo ndivyo yeye mwenyewe anavyofanya kazi.

Wafanyakazi wa kituo walipokutana kuamua nani aandike wasifu huu, kila mmoja alimsukumia mwenzake. Daktari Azzam alisema yeye anajua kuandika dawa tu, na hata hizo hakuna anayeweza kuzisoma. Ndipo Bi Rumaitha akasema, "Mpeni Mize, mtoto wa Rahma. Huyo kanihoji tangu mdogo. Ananijua kuliko faili langu." Basi naandika mimi, Mize Silima, mwanafunzi wa kidato cha pili, na Mwalimu wangu wa Kiswahili amenisahihisha nukta na vituo vya kuandikia.

Bi Rumaitha alizaliwa Shumba Mjini na alianza kazi mwaka 1973 akiwa mhudumu wa wodi. Kila msimu wa karafuu waliletwa watu walioanguka mikarafuuni, na yeye ndiye aliyewasaidia kunyoosha mikono na kujifunza kutembea tena. Kituo kikampeleka Unguja kusomea mazoezi ya viungo. Aliporudi akapewa chumba cha mwisho, kile chenye pazia la kijani. Aliondoa kitanda cha chuma kwa sababu kilikuwa kinalia, akatandika mikeka.

Miaka mingi baadaye alihudhuria semina ambayo anasema ilimbadilisha. Alifundishwa kwamba mtu aliyepatwa na jambo zito anaweza kupona jeraha, lakini mwili wake ukabaki unalingoja jambo lile lirudi. Mabega yanakaa juu. Pumzi inakuwa fupi. Usingizi ni wa kuibia. Mwili wa namna hiyo haukandwi kwa nguvu. Unaguswa polepole, kwa mkono mwepesi, mpaka uamini kwamba jambo limekwisha.

Niliposikia hivyo nilitaka kujua mengi. Mwili unangojaje bila mwenyewe kujua? Bega linajuaje kwamba mkono huu ni wa heri? Bi Rumaitha alinijibu kwamba bega halijui, ndiyo maana lazima uliulize.

Na hapa ndipo penye jambo lake ambalo hakufundishwa kwenye semina wala chuoni. Bi Rumaitha hamgusi mtu mpaka apige hodi. Hapigi hodi ya mlangoni tu. Anakaa mkekani, mikono yake ikiwa mapajani, anasema, "Hodi ya bega la kulia," kisha anangoja. Akiambiwa karibu, anaweka mkono. Akinyamaziwa, anapiga ya pili na ya tatu, halafu anaaga, kama mgeni yeyote mwenye adabu aliyepiga hodi tatu asiitikiwe. Akiingia begani haendi shingoni. Shingo ina hodi yake.

Si wote waliomwelewa. Bibi yangu, mama yake Baba, alipelekwa kwa ajili ya goti akarudi ananung'unika. "Mie nikikandwa nataka nisikie mifupa inasema. Huyu anapapasa kama mtu kapoteza sindano." Lakini wiki iliyofuata alirudi, kumwonesha, alisema, namna ya kukanda. Bi Rumaitha alipiga hodi ya goti, Bibi akasema karibu kwa kejeli, na baada ya muda mfupi tulisikia mkoromo. Alipoamka alikana kwamba alilala. Alisema alikuwa anafikiri.

Ile miaka ambayo watu wetu waligawanyika kwa vyama, hata wengine wakawa hawanunui dukani kwa jirani wala hawasalimiani njiani, chumba cha pazia la kijani kilikuwa na sharti moja: kofia za vyama zivuliwe mlangoni pamoja na viatu. Mzee Msellem aliuliza, "Kofia yangu ina kosa gani?" Bi Rumaitha akamjibu, "Haina kosa. Ikae na viatu vyako, vinajuana."

Mzee Msellem na jirani yake, Mzee Abrahman, walikuwa hawajasemezana tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na wote wawili walikuwa na maumivu ya shingo. Siku moja mhudumu msaidizi hakufika. Bi Rumaitha akawaketisha pamoja, akamwambia Mzee Msellem aweke kiganja begani kwa mwenzake, asikilize pumzi.

"Huyu?" akauliza Mzee Msellem.

"Bega ni bega. Lakini piga hodi kwanza."

Mzee Msellem alitazama dari, akasema hodi. Mzee Abrahman alifikiri muda mrefu sana. Mwishowe akasema, "Haya, karibu. Usilemee tu." Mpaka leo wanapingana kwa kila jambo, lakini wanaanza kwa kusalimiana.

Sasa naeleza habari za Mama, ambaye amenipa ruhusa na akaniambia nisizipambe.

Katika mwaka wa zile fujo za vyama, mlango wa nyumba yetu, hapa Pujini, ulivunjwa. Mama alikuwa ameinama jikoni, ameupa mlango mgongo. Walioingia walikuwa nani sijui, kwa hiyo siwezi kuandika. Walimpiga mgongoni, kisha wakaenda zao. Majeraha yalipona kabla ya Ramadhani. Lakini Mama hakutaka tena mtu yeyote awe nyuma yake. Aliyahamisha mafiga yake kutoka pahala pake akayaweka karibu na ukuta wa nyuma, apike huku mgongo umeegemea ukuta na macho yanatazama mlango. Moshi ukawa unamwingia usoni, naye hakujali. Arusini alikaa ukutani. Mimi mwenyewe nikitaka kumsuka, ilibidi nimsuke kwa mbele.

Kwa kuwa Mama hakutaka kutoka, Bi Rumaitha alikuja kwetu baada ya saa za kazi. Siku ya kwanza alikaa mbele yake mkekani akasema, "Hodi, Rahma. Hodi ya mkono wa kulia." Mama alinyamaza. Baba alikuwa amesimama na birika la chai, akajibu yeye. "Karibu, Bi Rumaitha. Weye mkande tu."

"Sikukupigia wewe hodi, Silima."

"Mimi mumewe."

"Mumewe ndiye. Mkono si wako. Wewe nimiminie chai."

Baba akamimina. Bi Rumaitha akapiga hodi zake mbili zilizobaki, akanywa chai, akaaga. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Baba alianza kusema kwamba tiba yenyewe labda ni kutumalizia sukari. Nimemsomea sentensi hii akacheka, akasema ibaki.

Masika yalikuwa yamekwisha siku Bi Rumaitha alipopiga hodi ya pili na Mama akajibu, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha ndani kabisa, "Karibu. Lakini mkono tu."

"Mkono tu," akasema Bi Rumaitha. Na ulikuwa mkono tu. Aliushika kama mtu anavyomshika kifaranga, wala hakufanya kitu kingine ambacho mimi niliweza kukiona. Nilisogea karibu nione vizuri, nikaambiwa nimewazibia hewa.

Nilimuuliza baadaye alifanya nini. Alinipa mkono wake mwenyewe. "Piga hodi." Nikapiga. "Karibu. Sasa shika. Unasikia nini?"

"Ngozi."

"Ngoja."

Nikangoja. Kwanza nilisikia ngozi, kisha joto, kisha kitu kama mpapatiko mdogo, na baada ya hapo nilisikia mkono wake unakuwa mzito kidogo mkononi mwangu, kana kwamba ameniachia niubebe mimi. Nilimwambia. Akasema, "Hapo ndipo unapotulia. Usiukimbilie. Ukiukimbilia unarudi." Tangu siku ile nimeshika mikono ya karibu watu wote wa nyumbani, na ya shangazi zangu pia, ili nijue kama kila mkono una namna yake ya kutulia. Unayo. Wa Bibi unatulia huku mwenyewe anagomba.

Baada ya mkono wa kulia, Mama alikaribisha wa kushoto, kisha nyayo, kisha mabega. Alianza kulala mpaka alfajiri. Akaanza kwenda mwenyewe kituoni, akivuta pazia la kijani kwa mkono wake. Lakini kwa mgongo alisema hapana. Kila mara Bi Rumaitha alipiga hodi ya mgongo mara tatu, na kila mara akaondoka bila kinyongo. "Mwenyewe yumo ndani," alimwambia Baba. "Hajawa tayari kufungua."

Kwa kazi yake hii Bi Rumaitha amefundisha wahudumu wa vituo vya vijiji vingi, Mkoani mpaka Shumba, na wote wanapiga hodi. Anayempokea kazi ni Bi Zuweina, aliyefundishwa naye, mwenye mikono mizuri na subira. Mama anamheshimu. Bi Zuweina amempigia hodi ya mkono na Mama amemjibu karibu. Alipojaribu mabega, Mama alinyamaza. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba Bi Rumaitha anastaafu na kuhamia kwao Shumba, nyumbani kwetu hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Sisi tuko Pujini na Shumba ni kaskazini kabisa. Mama hajavuka Chake Chake tangu mwaka wa fujo. Mimi nilikuwa nikiwaza, je, mgongo ukifunguka na aliyekuwa akiupigia hodi ameshaondoka?

Nimesema nitaeleza yote, basi na hili la juzi nalieleza. Nilirudi kutoka shule nikanusa mchuzi wa papa kabla sijafika uani. Nilipoingia jikoni nilisimama. Mafiga yalikuwa yamerudi pahala pake pa zamani, majivu mapya yako chini yake, na Mama ameinama juu ya chungu, ameupa mlango mgongo.

Nikasema, "Hodi."

Hakugeuka. "Karibu, mwanangu. Nipe ule mwiko." Nilipompa akasema, bado anakoroga, "Si weye unamwandikia Bi Rumaitha? Mwandikie mgongo umeitika. Aje yeye, si mwengine. Ukimzoea yeye, nitamfundisha Zuweina njia mwenyewe."

Bi Rumaitha, kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo, wagonjwa waliopona na wanaoendelea kupona, na shingo zote mbili za Mzee Msellem na Mzee Abrahman, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba hata tiba inabisha mlangoni. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na majirani wema huko Shumba, na mikono yako nayo ipate mtu wa kuishika.

Mama yupo hapa leo kwenye hafla ya kukuaga, safu ya katikati. Hakukaa ukutani. Mimi niko mlangoni nagawa karatasi hizi, na sitaondoka mpaka nipate jibu lako, kwa hiyo naomba unijibu ukiwa unatoka: je, utakuja kwetu kesho, Alhamisi, kabla hujahama?