Dwayne Pruchnik na Injini Isiyoagwa

Ijumaa, tarehe 30 Mei, fundi wetu mkuu Dwayne Pruchnik atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na moja katika gereji yetu hapa Toledo. Alipaswa kustaafu Machi. Sababu ya kuchelewa sote tunaijua, ingawa wengi wetu hatupendi kuizungumzia tukiwa peke yetu kule nyuma.

Dwayne alianza kwa kufagia sakafu. Leo wenye magari marefu ya zamani humfuata kutoka majimbo jirani ya Michigan na Indiana, na injini alizobadilisha zimepita mia sita. Amekula donati zetu miaka yote bila kununua hata moja, na hilo tumemsamehe. Kanuni yake ilikuwa moja tu: kabla injini kuukuu haijang'olewa, mwenye gari aje, aisikilize ikinguruma, kisha aizime kwa mkono wake mwenyewe.

Januari aliipuuza. Arlene Sobczak, mjane, alileta gari la marehemu mumewe Vern, Impala ya 1965, lifungwe injini mpya ya silinda nane, apate kupanda milima hadi kwa binti yake Arizona. Theluji ilikuwa nyingi, kazi zimerundikana. Dwayne akaizima mwenyewe, akaing'oa.

Injini mpya ikawa inamisi. Kila mngurumo wa nne ilisita kidogo, sawasawa na ile ya zamani. Dwayne akabadilisha plagi, nyaya, kabureta, mwishowe injini nzima. Ikasita vilevile. Na ile kuukuu, iliyokuwa kwenye stendi ya chuma katika kona isiyo na dirisha, bila mafuta wala betri, tuliikuta na joto kila asubuhi. Mimi niliigusa mara moja. Sikurudia.

"Sistaafu nikaacha gari la mama wa watu hivi," alisema Dwayne. Akaacha kututania, na hapo ndipo tulipoogopa kwelikweli.

Arlene alipokuja kulisikiliza gari, alicheka huku machozi yakimtoka. "Dwayne mwanangu, huyo ni Vern. Hajawahi kuondoka mahali kabla sijamwambia twende."

Basi Dwayne akaiunganishia ile kuukuu betri na kopo la petroli palepale kwenye stendi. Iliwaka mara moja. Arlene akaiwekea kiganja, akaiacha ingurume dakika nzima.

"Haya, Vern. Inatosha, mpenzi. Twende."

Akazima. Kesho yake tuliigusa mmoja mmoja, na ilikuwa baridi. Impala haijasita tena. Kadi ya Arlene kutoka Arizona tumeibandika juu ya sinki.

Asante, Dwayne, kwa mikono yako na uvumilivu wako. Tunakuombea miaka mingi yenye samaki wanaokula chambo na mgongo usiouma. Ombi letu ni moja: Ijumaa saa kumi na moja jioni, sisi hatutagusa swichi ya taa. Uizime wewe, kwa mkono wako. Tunakupenda sana, lakini hatutaki kukusikia Jumatatu.