Raia Anataka Kuwa Mkimbizi

Pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nyuma ya banda la kinyozi, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali, na mbele ya ubao kuna jiko la Mama Junior, ambaye kwa ubatizo ni Perpétue, lakini nani ana muda. Hapo ndipo kahawa ya tangawizi inaponyweka na dunia inapopangwa upya kila siku ya soko. Wenye ubao ni watatu. Yuko Bagaji, ambaye sanduku lake la safari limefungwa tangu alipoambiwa ajiandae kupelekwa Amerika, na mwanawe aliyezaliwa wiki ile sasa anakwenda shule. Yuko Kanada, ambaye Kanada hajafika, ila anaizungumzia utadhani ni shamba la baba yake. Na yuko Raia, yaani Muzafaru, muuza mitumba mwenye nyumba yake Ruharo, Mbarara, Mganda pekee katika ubao mzima. Siku hiyo Raia alikuwa hakaliki. Anaketi, anasimama, anachungulia barabara, anaketi tena, mpaka kahawa za wenzake zikaanza kumwagika.

— Raia, tulia, akasema Bagaji. Unatuunguza.

— Mimi nataka kwenda.

— Taksi ya Mbarara ile pale. Nenda.

— Si Mbarara. Nataka kwenda kama nyinyi. Amerika, Kanada, popote. Leo wanaandikisha watu ya lori ya jana. Mimi naingia kwa laini nao.

Bagaji alicheka mpaka akapaliwa. Kanada hakucheka hata kidogo. Hii ndiyo kazi aliyoingoja miaka yote, akakunja nne na kukohoa kiofisi.

— Kwenu ni fasi gani?

— Ruharo.

— Tayari bamekufukuza. Sema Fizi, kule Kongo.

— Kwetu iko Fizi.

— Kule ulikuwa unalima nini?

— Mimi hapana lima. Nauza nguo.

— Mama Junior, huyu mutu atatufungisha.

— Shida si mudomo, akasema Bagaji, akimpapasa Raia kitambi. Shida ni hii tumbo. Hii tumbo haijakimbia hata mvua.

Kanada akavua koti lake lililochanika kwapani, akamvisha. Mikono ya Raia ilitokeza karibu mpaka kwenye viwiko. Akauliza wazungu wanachagua watu namna gani.

— Banaangalia meno, akasema Bagaji. Meno mubaya inabakulia feza mingi kwa hospitali.

— Bongo, uongo mutupu, akasema Kanada. Beko na mashini. Inanusa viatu yako, inasema ulipita fasi gani.

— Na viatu ya Bagaji itasema nini? akauliza Mama Junior. Tangu ifike haijatoka hapa.

— Municheke tu, akasema Kanada. Kweli yenyewe ni hii. Kule manyumba ni mingi, bantu ni kidogo. Mangaribi inchi yote inakuwa giza, serikali inasikia haya. Ndiyo juu banatuita. Kila famili inapewa nyumba kubwa, na kazi yake ni kuwasha taa.

— Mshahara?

— Iko. Ya kuwasha na ya kuzima.

Hata Raia alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye foleni ya wanaoandikishwa kule ng'ambo ya barabara. Mama Junior akamjazia kikombe.

— Na Zuhurah anajua?

Zuhurah ni mkewe. Raia akatazama kikombe. Asubuhi ile alikuwa amemwambia mkewe anakwenda sokoni tu, na mama yake mzazi akamwagiza samaki wa ziwani, tena mbichi, si wa kukaushwa.

— Hajui.

— Aa, Baba.

— Mama Junior, nchi imebadilika. Mimi nimezaliwa Mbarara. Zamani nikipita mjini, kila veranda inaniita, Muzafaru, njoo kunywa chai. Sasa ni maghorofa. Supamaketi. Watoto wa juzi wananipigia honi kwa barabara yangu mwenyewe. Kamaldin nilisoma naye, iko Sharjah, Uarabuni, kila wiki anatuma picha. Nyinyi hapa mtu akifika anaulizwa ametoka wapi, ameona nini. Mimi hakuna mtu ananiuliza kitu.

Alilisema hilo la mwisho kwa uchungu hasa, na hakuna aliyemtania. Bagaji aliyazungusha mabaki ya kahawa katika kikombe chake.

— Miye nilizaliwa fasi moja, nikakomalia ingine, nikaolea ya tatu. Hakuna hata moja inaniita raia. Weye banakuita hivyo kila siku soko, bule, na unakasirika. Miye naamuka asubui naangalia sanduku. Nguo ya batoto iko ndani haibaingie tena.

— Basi twende wote.

— Twende, akasema Bagaji, lakini hakuinuka.

Raia ndiye aliyeinuka. Alifunga vifungo viwili vya lile koti, akavuta pumzi, akakanyaga barabarani. Mbele yake akakutana na mama mmoja anayetoka kwenye foleni ileile, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, akiulizia maji ya moto. Mama Junior alimwita, akammiminia, akakataa kulipwa. Jina lake Mariette, wamefika na lori la jana.

— Huyu ndugu yetu naye anaenda kujiandikisha, akadakia Kanada.

Mariette akamtazama Raia kwa huruma ya kweli kabisa.

— Pole, baba. Umetokea wapi?

Neno Fizi lilikuwa tayari ulimini. Lilikataa kutoka.

— Mbarara.

— Ni mbali?

— Hapana. Taksi moja tu.

— Kule kuna vita?

— Hakuna.

— Bamechoma nyumba?

— Nyumba iko.

— Na mama?

— Iko. Anangoja samaki.

Mariette akageuka kuitazama barabara inayokwenda Mbarara. Mikono yote miwili ikapanda kuushika mzigo.

— Sasa unakimbia nini?

Kanada, mjuzi wa mashine na taa za wazungu, akaanza kunywa kikombe kilichokwisha. Bagaji akainama. Mariette hakuwa akimsuta mtu; alitaka kujua.

— Munieleze, baba zangu. Tumetembea mausiku mingi. Kama kuna kitu inatokea ile upande, munieleze sasa, nisishushe mizigo.

Raia alihisi aibu ikimpanda toka miguuni. Akafungua vifungo, akalivua lile koti.

— Hakuna kitu inatokea, dada. Mimi natoka huko. Ni kuzuri. Shusha mizigo.

— Kweli?

— Kweli. Iko watu wanakaa tu.

Mariette akausogelea ubao. Kisha akaushusha mzigo, akaketi pale palipokuwa pa Raia, akaanza kufungua fundo. Ndani nguo zote zilikuwa zimelowa. Akazitoa moja moja, akazianika kwenye ua wa kinyozi, na mtoto akalala. Bagaji alimwangalia mpaka nguo ya mwisho.

— Mama Junior, akasema, kamba yako ya kuanika iko na fasi?

— Ya nguo gani?

— Iko ya kwangu. Inanuka sanduku.

Raia akamrudishia Kanada koti lake, akaenda ziwani kutafuta samaki.