Mkataba wa Norbert Kaminski Hadi Mwaka 2036

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Eugene Hauser, kaka wa Verna, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya shemeji yangu, ingawa yeye mwenyewe angeniambia nifanye haraka watu wana njaa, na Verna, aliyekaa hapo mbele, ameniruhusu kusema yote, hata yale ambayo mimi ningependa kuyaruka.

Norbert Stanley Kaminski alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 hapa Milwaukee, upande wa kusini, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Stanley Kaminski, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, na marehemu Bernice, ambaye alikuwa akisimulia kwamba asubuhi ile theluji ilianguka polepole mno, hata mkunga alisimama dirishani kuitazama akasahau kumfunika mtoto.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, kisha sekondari hadi mwaka 1971. Mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na miwili, timu ya besiboli ya mji huu ilicheza msimu wake wa mwisho hapa, ikafungasha ikahamia kusini, ikatuacha misimu minne bila timu, na Norbert aliniambia kwamba majira hayo ya baridi alikuwa akilala chali, akitazama dari, akiunda timu yake mwenyewe kwa wachezaji wa kweli aliowatoa kila pembe ya nchi, akiwapa mishahara na mikataba ya kufikirika, akimtoa huyu ampate yule, na mechi zikichezwa pale darini, jua likiwaka na nyasi zikinukia, huku nje theluji imefika kwenye madirisha. Timu hiyo, alisema, hakuna tajiri ambaye angeweza kuihamisha.

Mwezi Septemba 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha bia, upande wa kujaza chupa, akafanya kazi huko hadi kilipofungwa Oktoba 1996, kisha akawa mtunza boila wa shule mbili hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015. Ni kiwandani hapo ambapo mwaka 1977 alituambia sisi wenzake wa kazi habari za dari yake, tukacheka, halafu tukaomba kuingia, na tangu hapo watu wanane tumekutana kila Jumatano saa kumi na moja jioni kwenye meza ya nyuma ya baa ya Lou Dombrowski, kila mmoja na timu yake ya karatasi yenye wachezaji wa kweli, ikipata pointi kwa jinsi wanavyocheza uwanjani, mishahara ya kufikirika isizidi kiwango tulichokubaliana, mkataba usizidi miaka kumi na miwili. Sheria moja niliiandika mimi mwaka 1989, alipofariki Harold Lindner nasi tukamgombania mchezaji wake wa kudaka mipira kabla Harold hajazikwa, jambo ninaloliona aibu hadi leo: mwenye timu akifa mikataba yake haivunjiki, kiti kinarithiwa na mwenzi au mtoto, na mrithi lazima aje mezani kila Jumatano, la sivyo wachezaji wote wanarudi sokoni.

Mezani hapo Norbert alikuwa mtu wa kuchosha sana, maana ukimtajia mchezaji wa kubadilishana naye alifumba macho, akakaa hivyo mpaka bia ikapoteza povu, na Lou akiuliza, "We Norbert, umelala?" alijibu, "Subiri, ndiyo kwanza anarusha," kwa kuwa alikuwa akimtazama yule mtu akicheza katika uwanja wetu, jioni, ukungu ukipanda kutoka ziwani, na akifumbua macho na kusema, "Simwoni," basi biashara imekufa. Mwaka 1993 nilimuuzia mrushaji wa mpira ambaye nilijua kiwiko chake kimekwisha. Alimlipa miaka mitatu yote bila kunung'unika, akisema mkataba ni mkataba, shemeji, ila kila Krismasi, hadi ya mwaka jana, alinitumia bandeji iliyofungwa kwa utepe.

Tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa hili, alifunga ndoa na dada yangu Verna, wakajaliwa watoto wawili, Diane aliyezaliwa mwaka 1979, ambaye yuko Arizona, na Paul aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye yuko Oregon, pamoja na wajukuu watatu. Verna hakuwahi kuipenda besiboli hata siku moja, alikuwa akisema ni njia ndefu ya wanaume kukaa kimya pamoja, lakini Norbert akifumba macho jikoni kando ya redio, yeye alipunguza moto ili mafuta yasipige kelele.

Tarehe 14 Januari 2025 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho, na kwamba pengine asingeuona mwisho wa msimu. Kesho yake, Jumatano, alikuja kwenye kikao chetu kikubwa cha majira ya baridi, akavua kofia, akampa mkataba Wilkin Tejeda, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Jamhuri ya Dominika, mchezaji anayelinda eneo la ndani la uwanja, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, na akataka miaka yote kumi na miwili, hadi mwaka 2036.

Nilisimama nikasema, "Shemeji, huyo hata ndevu hajaota! Na wewe mwenyewe..." nikashindwa kumalizia.

"Mimi silipi," akasema. "Atalipa Verna."

Wengine walidhani ni dawa zimemchanganya, lakini mimi nilikasirika kweli, nikanuna hadi mwezi wa tano, nikiona amemtwisha dada yangu mzigo wa upuuzi wetu, mpaka siku moja nikaenda nyumbani kwake, ambako kitanda chake kilikuwa kimewekwa jikoni karibu na dirisha, nikamwambia waziwazi kwamba amekosea.

"Mama yenu alipofariki," akasema, "Verna alifunga mapazia miezi kumi na minne. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nyinyi mtamletea vyungu vya supu wiki mbili. Watoto watapiga simu Jumapili. Halafu? Nani atamtoa nje, Eugene? Wewe?"

Nilivuta kiti, nikaketi kando ya kitanda.

"Kwa hiyo nimetafuta mchezaji mdogo kuliko wote niliowaona," akasema, akafumba macho, na nadhani alikwenda kumtazama.

Verna aliposikia mpango huo alisema atamwachilia kijana huyo siku ya kwanza, kwamba yeye si mtu wa kuachiwa mkataba kama mtu anayeachiwa paka, na hawakulizungumza tena. Majuma ya mwisho akili ya Norbert ilikuwa huku na kule, akiwaita wachezaji wake wa darini wa mwaka 1966 waliokuwa wakipita nyuma ya kamba ya kuanikia nguo, akiuliza kama mvua imekatika ili mechi ianze, na Verna alimjibu kila mara kwamba imekatika. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tisa alasiri, redio ikiwa imewashwa, sauti chini.

Jana Jumatano tulikutana kwa Lou kupanga watakaobeba jeneza, si kwa besiboli, wala hakuna aliyemtarajia, lakini mlango ukafunguka, Verna akaingia na koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha Norbert, akaweka daftari mezani, akauliza, "Haya, nani anamtaka Tejeda?" Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikamtolea warushaji wawili, wazee lakini wa uhakika. Dada yangu akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu sana, hakuna aliyethubutu kugusa glasi.

"Eugene," akasema, "unaniibia na mume wangu hajazikwa?"

Lou ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na Verna akacheka huku analia, akasema kijana haendi popote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuja nyumbani na kuvumilia maswali yake kuhusu viwiko, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa shuleni, Baba Paroko, na Lou, ambaye anaombwa kuweka mto kwenye kile kiti, maana Verna amelalamika ni kigumu.

Lala kwa utulivu, Norbert. Verna hatakuwa peke yake.